Kanda za Mtaa ni za Nani?

Wizi ukitokea mtaani, yanayofuata ni yale yale. Wakazi wanaitwa mkutano, mwenyekiti anasoma bei za kamera, kila nyumba inapangiwa mchango wake, na mtu akiuliza picha zitahifadhiwa wapi na nani ataruhusiwa kuzitazama, anajibiwa kabla hajaketi: asiye na hatia anaficha nini? Jibu hilo limekwisha kuwa sera. Utalisikia kwa mwenyekiti wa mtaa South B, utalisikia kwa wakubwa wa usalama, utalisikia kwenye matatu mara redio inapotaja habari za uhalifu.

Wapo wanaolisema kwa upole zaidi. Hao husema usalama na faragha vimewekwa kwenye mizani moja, na kwamba nchi iliyozika watu 67 waliouawa katika shambulio la Westgate mwaka 2013 haina budi kupunguza upande mmoja ili iongeze upande wa pili. Watu hao husifiwa kwa busara. Mimi naona ndio wanaotupotosha zaidi, kwa kuwa maneno yao yana sura ya haki. Wanachukulia kwamba kila tunapoachia sehemu ya faragha yetu, sehemu hiyo inageuka kuwa usalama wetu. Haigeuki hivyo. Mara nyingi inageuka kuwa nguvu ya mtu mwingine juu yetu, na wezi wa mtaa wanabaki pale pale. Kamera ambayo wanaotazamwa hawana haki yoyote juu ya picha zake inamlinda anayezishika picha, na leo mkazi wa kawaida hajui hata jina la mtu huyo.

Sisemi kamera hazifai. Zilinasa washambuliaji wakiingia hoteli ya DusitD2 tarehe 15 Januari 2019, siku walipouawa watu 21, na wapelelezi walizitumia. Wataalamu wa jinai wakiongozwa na Eric Piza walikusanya tafiti za miaka 40 kuhusu kamera na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019. Waliona kwamba uhalifu ulipungua kwa takriban asilimia 13 palipofungwa kamera, ukilinganisha na pasipofungwa. Nafuu kubwa na ya uhakika zaidi ilikuwa kwenye maegesho ya magari, na mitaa ya makazi nayo ilipata nafuu. Lakini uhalifu wa kutumia nguvu, yaani kupigwa, kuchomwa kisu, kushikiwa bunduki, haukupungua kwa kiasi cha maana. Tena kamera zilizofanya kazi vizuri ni zile zilizokuwa na mtu anayezitazama papo hapo, zikiambatana na hatua nyingine. Iliyowekwa juu ya nguzo na kusahaulika haikufanya mengi.

Mkazi wa Kayole au Githurai anaposema anaogopa, haogopi kuibiwa kioo cha gari. Anaogopa kuvamiwa saa kumi na moja alfajiri akielekea stendi. Kwa hofu hiyo, kitu ambacho tayari tunacho na tumekipuuza ni taa. Mwaka 2016, katika mitaa ya nyumba za umma mjini New York, watafiti waliweka minara ya taa kwenye makazi yaliyochaguliwa kwa kura na kuyalinganisha na mengine yasiyopewa. Uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa karibu asilimia 36. Watu wa Kibera na Mathare walizipa taa zao ndefu jina zamani, mulika mwizi, na kila mama anayerudi na mzigo wake usiku anajua tofauti kati ya zinapowaka na zinapozimika. Taa haiandiki jina la mtu. Haihifadhi sura ya kijana aliyempitia mchumba wake, wala haiwezi kuuzwa kwa mtu anayemtafuta mke aliyemtoroka. Kama kweli kilio chetu ni usalama, mbona taa iliyozimika hukaa miezi bila kutengenezwa, na hakuna anayeitisha mkutano wala mchango?

Mei 2014, miezi minane baada ya Westgate, serikali iliipa kampuni ya Safaricom kandarasi ya karibu shilingi bilioni 15, bila ushindani wa zabuni, ifunge kamera 1,800 Nairobi na Mombasa na kuviunganisha vituo vya polisi kwenye mtandao mmoja. Bunge lilizozana kwa wiki nyingi juu ya zabuni hiyo: nani amepewa, kwa bei gani, kwa utaratibu upi. Hayo yalistahili kuulizwa. Ila Kenya haikuwa na sheria ya kulinda data hadi Novemba 2019. Kwa miaka kadhaa macho ya serikali yalikuwa juu ya nguzo za Moi Avenue na Digo Road, na mwananchi hakuwa na pa kwenda kuuliza amehifadhiwa kwa muda gani, au nani amemtazama.

Anayeamini kwamba kamera kwa asili yake iko upande wa asiye na hatia, namwomba akumbuke Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mtandaoni, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay tarehe 7 kwa sababu ya maandishi yaliyodaiwa kumchafulia jina naibu inspekta jenerali wa polisi. Akasafirishwa hadi Nairobi, akaandikishwa katika kituo cha Central, na kufikia siku iliyofuata alikuwa amekufa. Polisi walisema aligonga kichwa ukutani mwenyewe. Wataalamu walioufanyia mwili uchunguzi wakakuta majeraha ya kichwa, dalili za kubanwa shingo na michubuko mwilini, wakasema si majeraha ya mtu kujiumiza. Kituo kile kilikuwa na kamera. Mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, ilipozifuata picha zake ilikuta mitambo imechezewa. Fundi mmoja akawa miongoni mwa waliofikishwa mahakamani pamoja na polisi.

Kituo cha Central kiko katikati kabisa ya jiji, katika eneo lenye kamera nyingi kuliko pengine popote nchini. Kamera iliyohitajika kuliko zote usiku ule ni ile iliyomwangalia mtu aliye mikononi mwa serikali, nayo ilikuwa chini ya mamlaka ya watu ambao ingewashuhudia. Hakuna mizani hapo. Faragha ya nani ilipunguzwa ili Ojwang awe salama? Alikosa vyote viwili, kwa sababu hapakuwa na kanuni ya kuwazuia wenye kituo wasizifikie picha za kituo chao.

Hata picha inapopatikana, haileti haki peke yake. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitangaza Desemba 2024 kwamba watu 82 walikuwa wametekwa tangu maandamano ya Juni mwaka huo. Mmoja wao alinaswa na kamera eneo la Uthiru akisukumwa ndani ya gari na wanaume kadhaa, mchana kweupe. Nchi nzima iliitazama kanda ile kwenye simu. Mtu akiiba kuku na kamera imuone, atatafutwa kwa picha hiyo hiyo hadi apatikane. Waliomteka kijana wa watu wameonekana na taifa zima na hawajasimamishwa kizimbani. Basi tusiambiwe kwamba kamera ikiongezeka haki inaongezeka, wakati anayeamua picha ipi ifuatiliwe na ipi iachwe ni mtu yule yule aliyekuwa akiamua kabla ya kamera.

Nakuja kwenye lango la mtaa, kwa maana huko ndiko mazoea yetu yanakopikwa. Mgeni akifika, mlinzi anampa kitabu. Anaandika jina kamili, namba ya kitambulisho, namba ya simu, namba ya gari, nyumba anayokwenda na saa aliyoingia. Kitabu kinalazwa juu ya meza, wazi, na anayefuata anamsoma aliyetangulia. Kikijaa, hakuna anayejua kinapelekwa wapi. Wasichana wengi wa jiji hili wamepata ujumbe wa usiku kutoka kwa mtu wasiyemjua, kwa namba waliyoiandika langoni mchana. Mwaka 2021, Wakenya walipopewa njia ya kuangalia mtandaoni kama ni wanachama wa chama cha siasa, watu wengi sana walijikuta wamesajiliwa katika vyama ambavyo hawajawahi kukanyaga ofisi zake. Jina, kitambulisho na simu vilitosha. Walijiuliza vilitoka wapi, na ni wachache walioweza kujibiwa.

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inamkinga kila mtu dhidi ya kudaiwa au kufichuliwa habari zake za kibinafsi au za familia bila ulazima. Neno la ulazima limewekwa pale kwa makusudi. Kumjua mgeni anakwenda nyumba gani ni lazima, na mwenyeji anaweza kupigiwa simu athibitishe. Namba ya kitambulisho cha fundi wa mabomba, ikae miaka mitatu kwenye daftari lililolowa chai, ni lazima ipi? Mtaa umekusanya utajiri wa matapeli na kuuacha mezani, halafu unajiita salama. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia, na kamera zinazofungwa kwa mtindo wa kitabu hiki zitazaa matatizo ya kitabu hiki. Kumwachia mtu asiyejulikana picha za wakazi wanaoingia na kutoka ni sawa na kumwachia ufunguo wa nyumba bila kumuuliza jina. Picha zitamwonyesha ni nyumba ipi hubaki tupu kuanzia saa mbili, ni mtoto yupi hurudi kutoka shule peke yake, ni mume yupi husafiri Jumatatu.

Wapo watakaosema mimi nazungumzia uzembe wa walinzi, na kwamba serikali ni kitu kingine. Nawapeleka Eastleigh. Aprili 2014, mwezi mmoja tu kabla ya kandarasi ile ya kamera, polisi waliendesha operesheni Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, raia na wakimbizi, walizolewa kutoka nyumbani na kupelekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa. Makosa ya wengi wao yalikuwa sura na anwani. Mtaa kama huo ukifungiwa kamera zinazotambua nyuso, kwa amri ya maofisa wale wale, ni nani atakayekuwa salama zaidi?

Birmingham, Uingereza, walikwisha kulijibu swali hilo. Mwaka 2010 iligundulika kwamba kamera 218 zilizofungwa Sparkbrook na Washwood Heath, mitaa yenye Waislamu wengi, zililipiwa kwa fedha za kupambana na ugaidi, ilhali wakazi waliambiwa ni za wizi na fujo za mitaani. Baadhi zilifichwa. Wakazi walipoamka, mkuu wa polisi aliomba radhi na mwaka uliofuata kamera ziliondolewa. Hasara ya polisi ilikuwa zaidi ya pauni milioni 3 zilizotumika. Polisi wanaotafuta habari za vijana waliopotoka huwategemea wazazi, maimamu na wenye maduka, na watu hao hao ndio walioambiwa uongo. Mtaa ukiacha kuwaamini polisi unaacha kuwapigia simu.

Jambo hilo Kenya ilikuwa ikilijua. Baada ya Westgate, pamoja na kamera, serikali ilianzisha mpango wa Nyumba Kumi, ikikopa wazo la Tanzania la balozi wa nyumba kumi, lililotoka enzi za chama cha TANU. Sitaupamba mfumo ule. Balozi alikuwa pia sikio la chama, na wako waliomwogopa. Lakini balozi alikuwa na uso. Ulimjua, alikujua, alikuja msibani kwako, na akikuonea ulikwenda kumlalamikia kwa wazee. Tunachojenga sasa kinaacha yote yaliyokuwa mema kwa balozi, na kubaki na sikio.

Uganda ni jirani, na yaliyotokea huko hayahitaji kubashiriwa. Baada ya kuuawa kwa ofisa mkuu wa polisi Andrew Felix Kaweesi mwaka 2017, serikali iliagiza mfumo wa kamera wa Huawei kwa dola milioni 126, na hoja ilikuwa mauaji ya mijini. Novemba 2020, mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine alikamatwa akiwa kwenye kampeni, watu wakaingia barabarani, na wasiopungua 54 wakauawa. Polisi walitangaza baadaye kwamba kamera zimewasaidia kuwakamata mamia ya washukiwa wa ghasia. Zilikuwa juu ya nguzo pia wakati risasi zilipokuwa zikifyatuliwa, lakini waliofyatua hawakusakwa kwa bidii hiyo. Mfumo ulioletwa kuwasaka wauaji ulitumika kwa bidii zaidi kuwasaka waandamanaji.

Hoja ninayoichukia kuliko zote ni ile inayosema faragha ni anasa ya Wazungu na matajiri. Matajiri hawahitaji sheria ili wawe na faragha, wana kuta. Mwenye ekari moja Karen hatazamwi na mtu asiyemtaka. Anayehitaji kanuni ni anayeishi chumba kimoja kwenye ploti yenye milango ishirini, ambaye mwenye nyumba amefunga kamera moja kwa moja kuelekea mlango wake na choo cha pamoja, naye hawezi kuhama kwa kuwa hana pesa za dipoziti. Na kuhusu Wazungu, anayesema hivyo aende Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu aangalie nyumba za kale. Mgeni husimama dakani. Vyumba vimepangwa kuanzia nje kuingia ndani kwa daraja za ukaribu, ili anayefika mlangoni asimwone aliye ndani hata mlango ukiwa wazi. Mtu hupiga hodi, na asipoitikiwa mara ya tatu hurudi zake bila kinyongo. Sura ya An-Nur imewafundisha Waislamu wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa. Watu waliojenga miji kwa adabu hii kwa karne nyingi hawahitaji kufundishwa faragha na mtu yeyote, na hawakustahili kuambiwa kwamba ni kitu cha kuagiza ng'ambo.

Nitaambiwa sasa tuna sheria, tulia. Ni kweli tuna sheria, na imeanza kuuma. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Kanuni za 2021 zinawataka wanaoendesha kamera za usalama wajisajili kwake, hata wakiwa wadogo. Mwulize mwenyekiti wako kama amejisajili. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 51, inaacha nje shughuli zinazohitajika kwa usalama wa taifa au maslahi ya umma. Kwa mlango mpana kiasi hicho, baa inatozwa faini, na anayeendesha kamera 1,800 anaweza kupita bila kuulizwa.

Ninachodai kinafanyika mahali pengine, na hakigharimu kama kamera zenyewe. Mji wa Oakland huko California uliunda tume ya raia ya faragha mwaka 2016, na sheria ya 2018 ikaamuru kwamba chombo chochote cha ufuatiliaji kisinunuliwe mpaka kanuni za matumizi yake ziandikwe, zisomwe hadharani na kupitishwa na baraza la mji, kisha taarifa itolewe kila mwaka. Mji mwingine wa Marekani, Detroit, ulijifunza kwa aibu. Robert Williams alikamatwa mbele ya binti zake Januari 2020 kwa sababu mashine ilifananisha sura yake na ya mwizi wa saa. Mwaka 2024 mji ulikubali kumlipa dola 300,000 na kujifunga kwamba hakuna atakayekamatwa tena kwa ushahidi wa kufananishwa sura peke yake.

Mtaa nao unaweza kuanza bila kungoja Bunge. Picha zifutwe baada ya siku 30, isipokuwa zile zinazohusu tukio lililoripotiwa. Zifunguliwe na watu wawili kwa pamoja, mmoja wao akiwa mkazi asiye kwenye kamati, na kila zinapofunguliwa iandikwe nani, saa ngapi, kwa nini. Polisi wapewe nakala kwa barua yenye namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, si kwa simu kwa mlinzi. Mkazi au mgeni aliyenaswa aweze kuomba sehemu inayomhusu na kupewa. Anayetupa kipande kwenye kundi la WhatsApp la mtaa aondolewe kwenye kamati siku hiyo hiyo. Kamera isielekezwe mlangoni wala dirishani kwa mtu. Kitabu cha langoni kibaki na jina na nyumba, basi. Na kabla ya mchango wa kamera, mchango wa taa.

Liko moja ambalo mtaa hauliwezi. Picha za kamera za kila kituo cha polisi, kuanzia dawati la mapokezi hadi ujia wa seli, zirushwe wakati huo huo na kuhifadhiwa nje ya kituo, chini ya IPOA, mahali ambapo ofisa wa zamu hana nywila wala ufunguo. Kamera ya kituo ikizimika, IPOA iarifiwe papo hapo, na mkuu wa kituo awajibike kueleza kwa maandishi ndani ya saa moja ni nani aliyekuwa seli wakati huo na hali yake. Jambo hili linahitaji sheria na bajeti. Wabunge walioweza kuzozana wiki nyingi kuhusu zabuni ya 2014 wanaweza kukaa tena kwa ajili ya hili, na baba yake Ojwang aalikwe kuketi katika ukumbi wa kamati wakilijadili.